Mizani Mlangoni mwa Chuo: Nani Anapendelewa, na kwa Haki Gani?

Katika majuma yanayofuata kutangazwa kwa matokeo ya kidato cha sita, mwezi Julai, ofisi ya parokia hubadilika sura. Wanaobisha hodi si tena wale tu wanaohitaji cheti cha ubatizo au tarehe ya ndoa. Huja vijana wenye simu mkononi, wakiomba msaada wa kuelewa mwongozo wa udahili. Huja wazazi wenye bahasha za kaki zilizokunjwa mara nyingi. Mmoja wa wazazi hao, mkulima wa hapa Rhotia na mwanakwaya wa zamani, alitujia baada ya Misa ya pili akiwa na jambo zito moyoni. Kijana wake alihitimu kidato cha sita katika tahasusi ya sayansi, akafaulu vizuri. Aliomba nafasi katika chuo kimoja chenye ushindani mkubwa, akakosa. Binti wa jirani, aliyesoma tahasusi ileile na kupata alama pungufu kidogo, alipata, kwa kuwa chuo hicho kilitenga sehemu ya nafasi zake kwa ajili ya wasichana wanaosoma sayansi. “Baba Padre,” alituuliza, “mnatufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Kilicho cha mwanangu amepewa nani?”

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba muda, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko majibu mawili yaliyokuwa karibu na midomo yetu: lile la kumwambia avumilie kwani ni mapenzi ya Mungu, na lile la kumwambia kwamba wanawake walionewa kwa muda mrefu na sasa ni zamu yao. Jibu la kwanza linamsingizia Mungu kazi ya kamati ya udahili. La pili linamtwika kijana wa miaka 19 deni ambalo yeye hakulikopa. Tumelitafakari swali hilo kwa majuma kadhaa, na tumeona vema kuwashirikisha waamini wote, maana haliulizwi na baba huyo peke yake. Linaulizwa katika jumuiya ndogondogo, linaulizwa kwenye vijiwe vya bodaboda kando ya barabara kuu na, kwa sauti ya chini zaidi, hata katika vikao vya WAWATA, kwa maana akina mama nao wana watoto wa kiume.

Kwanza tuondoe kosa moja linalosikika sana mitaani, kwamba siku hizi wasichana “wanapita hata wakifeli”. Si kweli. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kigezo cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita anayeomba shahada ya kwanza: ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi zisizopungua nne. Kigezo hicho hakina jinsia. Programu ngumu kama udaktari na uhandisi hudai zaidi ya hapo. Msichana aliyepewa nafasi kwa utaratibu maalumu amekwisha kuvuka kizingiti hicho kwa miguu yake mwenyewe. Kinachogombewa katika vyuo vyenye ushindani ni viti vichache kati ya watu wengi ambao wote wanastahili, na hapo ndipo ugumu ulipo: wanaostahili wakiwa kumi na viti vikiwa vitatu, saba watarudi nyumbani na kila mmoja wao atakuwa na neno la haki la kulalamikia.

Mtu aweza kusema: basi zitazamwe alama tu, aliye juu aingie, aliye chini asubiri. Ni utaratibu safi, na una heshima yake. Hautazami jina wala kabila, na katika nchi ambayo watu wamechoshwa na rushwa na simu za wakubwa, usafi huo si jambo dogo. Lakini utaratibu huo unadhani kwamba alama hupima kitu kilekile kwa kila aliyeketi katika chumba cha mtihani. Historia ya nchi yetu inatuonyesha kwamba kanuni iliyo sawa kwa wote yaweza kuzaa matunda yasiyo sawa kabisa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa chuo kishiriki, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Wanawake waliofika ngazi hiyo katika miaka ile walihesabika kwa vidole. Mmoja wa wale wa mwanzo kusoma sheria, Julie Manning, baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1974 chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mengine, azimio hilo lilielekeza kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Baada ya kidato cha sita alipaswa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na apate mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama ndipo aombe nafasi. Kusudi lilikuwa jema: kuzuia chuo kikuu kisizae tabaka la mabwana wasiojua jasho la mkulima. Kanuni hiyo haikumtaja mwanamume wala mwanamke. Ilikuwa sawa kwa wote.

Kilichotokea kinajulikana. Idadi ya wanawake waliojiunga na chuo kikuu ilishuka. Kwa kijana wa kiume, miaka ile ya kazi ilikuwa kungoja tu. Alirudi kuomba nafasi akiwa mtu mzima zaidi na mwenye mshahara. Kwa binti, miaka hiyohiyo ilikuwa ndiyo miaka ya posa, ya ndoa na ya mtoto wa kwanza, na wengi hawakurudi tena. Mwaka 1976 serikali ilikubali kosa, ikawaondolea wasichana sharti la miaka ya kazi, wakaruhusiwa kuomba chuo kikuu bila kungoja kama wenzao. Idadi yao ikapanda tena. Wanaodhani kwamba upendeleo kwa wasichana ni jambo lililoletwa na wafadhili kutoka nje miaka ya karibuni wakumbuke kwamba lilianza nyumbani, katika nchi maskini iliyotazama matokeo ya azimio lake yenyewe na kuwa na unyenyekevu wa kulirekebisha.

Miaka 20 hivi baadaye, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, chuo kikuu hichohicho kilirudia jambo hilo kwa namna mbili. Kilishusha kidogo alama za kuingilia kwa wasichana. Na kwa wasichana wa sayansi waliokosa nafasi kwa tofauti ndogo, kilianzisha mafunzo ya awali: waliitwa chuoni kwa majuma kadhaa, wakafundishwa kwa bidii hesabu na masomo ya sayansi, wakapewa mtihani, na waliofaulu mtihani huo ndio walioingia. Tukiulizwa ipi kati ya njia hizo mbili ni bora, sisi hatusiti kuchagua ya pili. Pointi za nyongeza humpa msichana kiti. Mafunzo ya awali humpa kile ambacho shule yake haikumpa, na kumwondolea minong'ono ya wenzake darasani kwamba aliingia kwa huruma. Ni njia ya gharama zaidi, tunajua, na ndiyo maana si vyuo vingi vinavyoipenda.

Katika kutafakari haya tumerudia mara kadhaa kisa kimoja cha Maandiko Matakatifu ambacho waamini wengi hawakijui, kwa sababu hakisomwi mara kwa mara katika Misa zetu. Kimo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mbele ya kuhani Eleazari, mlangoni mwa hema, wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Kanuni ya urithi haikuwatambua. Musa hakujibu kwa akili yake. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba mabinti hao wana haki, kanuni ikarekebishwa. Wahubiri wengi wanaokitumia kisa hiki huishia hapo. Lakini kitabu hakiishii hapo. Katika sura ya 36, wakuu wa ukoo wao, wanaume, wanakuja kwa Musa na malalamiko: mabinti hawa wakiolewa katika kabila jingine, ardhi itahama nao, na kabila la Manase litapungukiwa. Na Musa, kwa neno la Bwana, anasema kwamba nao wamenena haki. Kanuni inarekebishwa mara ya pili, bila kuwanyang'anya mabinti urithi wao.

Tunavutwa na sura hizo mbili zikisomwa pamoja. Waliolalamika mwanzo walikuwa na haki, na waliolalamika baadaye walikuwa na haki pia. Wale wa pili hawakuambiwa wanyamaze kwa kuwa wao ni wanaume na walikwisha kufaidi vya kutosha. Baba yule mwenye bahasha ya kaki anasimama mahali pale waliposimama wakuu wa Manase, na Kanisa halina ruhusa ya kumfukuza mlangoni.

Tena malalamiko yake yanakuja wakati ambapo mambo yamebadilika kweli. Katika mtihani wa darasa la saba na ule wa kidato cha nne, nchini mwetu wasichana sasa ni wengi kuliko wavulana. Katika kidato cha sita wavulana bado ni wengi, lakini pengo linazidi kufunga. Kufutwa kwa ada katika shule za umma, kwanza hadi kidato cha nne mwaka 2016 na kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022, kuliwaondolea wazazi ulazima ule wa zamani wa kuchagua nani asomeshwe, na tunajua kura hiyo ilikuwa ikimwangukia nani. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni, jambo lililokuwa limezuiwa. Umekuwapo pia mpango wa kujenga shule za sekondari za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa. Haya yote ni mema, na tunayashukuru. Lakini mtu mwaminifu anayeyatazama atajiuliza kama mizani iliyowekwa mlangoni mwaka 1976 au 1996 bado inapima mzigo uleule.

Wenzetu wa Uganda wamekwisha kufika kwenye njia panda hiyo. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kumwongezea kila mwombaji wa kike pointi 1.5. Kilifanya hivyo waziwazi, kila mtu akijua, na matunda yakaonekana: katika mahafali ya miaka ya karibuni wanawake wamekuwa zaidi ya nusu ya wahitimu. Sasa wapo wanaouliza kama pointi hizo ziondolewe. Tangu mapema kuna lawama nyingine, nzito zaidi kwa maoni yetu, iliyotolewa na watafiti wa hukohuko: kwamba pointi 1.5 ziliwafaidia zaidi mabinti wa shule nzuri za mjini na za wenye uwezo, ambao pengine wangeingia hata bila hizo, kuliko mabinti wa vijijini ambao hawakufika kabisa kwenye mlango wa chuo. Msichana ambaye kijijini kwake hakuna maabara wala mwalimu wa fizikia hasaidiwi na pointi moja na nusu, kwa sababu hana alama za kuziongezea.

Lawama hiyo inatufikia sisi wa Rhotia moja kwa moja. Tukisema “wasichana wanapendelewa”, tunasema kana kwamba wasichana wote ni mtu mmoja. Binti wa jirani aliyepata nafasi alitembea kwenda shule ya kata na kurudi akachota maji. Yupo binti mwingine, wa mjini, aliyesoma shule ya bweni ya mamilioni, akafundishwa masomo ya ziada wakati wa likizo, na naye akaingia kwa mlango uleule wa upendeleo. Ikiwa chuo kinataka kusoma alama pamoja na njia iliyozileta, hakina budi kuitazama njia yenyewe, yaani shule, kijiji na kipato cha nyumbani, na si jinsia peke yake. Kijana wa baba yule naye alitoka shule ya kata. Kwa hiyo, tukimpima kwa kipimo tunachokisifu, alikuwa na neno la kusema, na hakuna aliyemuuliza.

Jambo la pili linalotusumbua ni siri. Mwezi Agosti 2018 ulimwengu ulisikia habari za Chuo cha Tiba cha Tokyo, nchini Japani. Ilibainika kwamba kwa zaidi ya miaka kumi wakuu wa chuo hicho walikuwa wakichezea matokeo ya mtihani wa kuingilia ili wanawake wasiwe wengi. Waombaji wa kike hawakuambiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba madaktari wa kike huolewa, huzaa na kuacha kazi, na hospitali zingebaki bila watu. Mwaka uliofuata, mchezo huo ulipoondolewa, kiwango cha ufaulu cha wanawake katika mtihani wa chuo hicho kilizidi kidogo kile cha wanaume. Tuwaze kidogo juu ya wale mabinti waliorudi nyumbani kila mwaka wakiamini kwamba hawakuwa na akili ya kutosha.

Nchini Marekani hali ni ya namna nyingine. Huko, kati ya wanafunzi kumi wa shahada ya kwanza, karibu sita ni wanawake. Vyuo binafsi vyenye sifa, vikiogopa kwamba chuo chenye wanawake wengi mno kitapoteza mvuto, vimekuwa vikiwatazama waombaji wa kiume kwa jicho la huruma zaidi. Sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu iliviachia vyuo binafsi uhuru katika udahili wa shahada ya kwanza, kwa hiyo hawavunji sheria. Mwaka 2006 mkuu wa udahili wa Kenyon College, Jennifer Delahunty Britz, aliandika katika gazeti la The New York Times akikiri kwamba mabinti hodari walikuwa wakikataliwa kwa sababu tu walikuwa wengi. Wengi walimshangaa kwa kusema. Wachache walishangaa jambo lenyewe. Sisi tunaona kwamba ukiri wake ulikuwa na heshima kuliko utaratibu aliokuwa akiukiri.

Kuna tofauti kubwa basi kati ya Makerere ya mwaka 1990 na vyuo hivi viwili vya ng'ambo. Palipo na tangazo, aliyekosa anajua kwa nini amekosa, na anaweza kwenda kulalamika kama wakuu wa Manase walivyokwenda. Palipo na siri, anabaki kujilaumu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Furaha na Matumaini, namba 29, unafundisha kwamba kila ubaguzi katika haki za msingi za mtu, ukiwemo ule wa jinsia, unapingana na mpango wa Mungu na hauna budi kuondolewa. Na unasikitika kwa kutaja mwanamke anayenyimwa elimu iliyo sawa na ile anayopewa mwanamume. Hatuoni kwamba mafundisho hayo yanakataza kumfungulia mlango aliyefungiwa. Tunaona kwamba yanakataza kumfunika mtu macho wakati wa kumpima. Chuo kilichomnyima nafasi kijana wetu kilikuwa kimetangaza utaratibu wake kwa maandishi. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia baba yake kwamba mwanawe alidhulumiwa. Lakini pia hatutamwambia kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza, gharama ya kurekebisha mambo ya kale ilimwangukia yeye, na wanaozungumza juu ya usawa kana kwamba hauna mlipaji hawajawahi kukaa ofisini na mzazi wa aina hii.

Hapa tunapaswa kusema neno juu yetu wenyewe, mapadre. Wengi wetu tuliosoma seminari ndogo katika miaka ya 1990 tulipata elimu bora kuliko uwezo wa wazazi wetu. Tulikuwa na walimu, maktaba, ratiba ya kusoma na taa ya usiku, kwa ada ambayo Kanisa liliibeba kwa sehemu kubwa. Dada zetu wa tumbo moja hawakuweza kuingia humo, na kwa sababu ya wito wenyewe isingekuwa vinginevyo. Lakini si wote tuliosoma seminari tulikuja kuwa mapadre. Wengine leo ni mahakimu, wahandisi na maprofesa, na Kanisa linajivunia. Huo nao ulikuwa upendeleo kwa wavulana, wa miongo mingi, na hakuna mzazi hata mmoja tunayemkumbuka aliyekuja parokiani kuuliza haki ya binti yake iko wapi.

Turudi nyumbani. Rhotia imekaa kwenye barabara ya lami itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu kwenda Karatu na lango la Ngorongoro. Magari ya watalii yanapita mchana kutwa. Kwa vijana wetu wa kiume barabara hiyo ni mwalimu mwenye nguvu kuliko walimu wote wa kidato cha pili. Wanaona waliowatangulia wakirudi na fedha taslimu: huyu anaendesha bodaboda, huyu anabeba mizigo kwenye hoteli, huyu anafyatua matofali, na msimu wa vitunguu ukifika kule Mang'ola, mashamba yanawaita. Fedha ya leo inaonekana. Shahada ya miaka minane ijayo haionekani. Walimu wa maeneo yetu wanatuambia kwamba madawati yanayobaki wazi siku hizi ni ya wavulana mara nyingi kuliko ya wasichana, na hata katika mafundisho ya kipaimara tunaliona jambo hilo kwa macho yetu.

Wasichana nao wana barabara yao, isiyo na lami. Mama akiugua, binti ndiye anayebaki nyumbani. Ndugu mwenye nafasi Arusha akihitaji msichana wa kazi, ni binti wa kijijini anayeombwa. Na binti akishatoka shuleni, kinga yake inapungua: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019 na kuagiza sheria irekebishwe. Ndiyo kusema dawati la shule, kwa binti wa Rhotia, linamkinga na mengi zaidi ya ujinga.

Kwa hiyo tukitazama kutoka hapa tulipo, ubishi wa mlangoni mwa chuo unahusu watu wachache sana. Kwa kila kijana mmoja aliyekosa nafasi kwa tofauti ya pointi moja, wapo wengi, wa kike na wa kiume, waliokwisha kutoka njiani miaka minne kabla, na kwa hao hakuna kamati iliyokaa. Vyuo na viendelee kupima, vitangaze vipimo vyao, na kila baada ya miaka kadhaa viulize tena kama vinapima sawasawa; na ikiwa siku itafika ambapo wavulana wa vijijini ndio wanaobaki nyuma, basi haki ileile iliyowafungulia dada zao iwafungulie na wao, kwa tangazo na si kwa siri. Lakini orodha ya watoro wa kidato cha pili haiko chuoni. Iko kwa mwalimu mkuu, kilomita chache kutoka kanisani, na jumuiya ndogondogo zinaweza kuiomba.

Baba yule alirudi baada ya majuma matatu. Tulimweleza haya kama tulivyoyaandika hapa, naye alisikiliza kwa adabu, akasema kwamba ameelewa lakini hajaridhika, na tulimheshimu kwa hilo. Kijana wake ameomba chuo kingine katika awamu inayofuata ya udahili na anasubiri majibu. Katika mazungumzo tulimuuliza habari za watoto wengine. Wa mwisho, wa kiume, yuko kidato cha pili, lakini hakuwa ameonekana shuleni kwa muda. Alikuwa Mang'ola, kwenye vitunguu, kwa mjomba wake. Alhamisi iliyofuata tulikwenda naye kumfuata. Kijana hakugoma kurudi. Alichouliza ni kama mwalimu atamchapa.

Na yule wa kwanza, binti, aliacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka ambao mama yao alilazwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa akipika na kuchota maji wakati mdogo wake akijiandaa na mitihani ile ya sayansi. Sasa ana miaka 22. Tulipokuwa garini tukirudi, baba yake alikaa kimya kwa muda, kisha akatuuliza kama ule mtihani wa maarifa, wa kuwawezesha waliokatisha masomo kufanya kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, bado upo. Upo. Alitaka kujua maombi yake hupelekwa wapi.